Loulu: mti uliokimbilia majabalini

Sehemu kubwa ya pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Molokai, katika funguvisiwa la Hawaii, haina ufuko wa kutia nanga. Ni ukuta wa majabali ulioshuka wima mpaka majini, na penye kimo kikubwa zaidi unakaribia mita 1,000. Mbele ya ukuta huo, karibu kabisa na nchi kavu, limesimama baharini jabali moja liitwalo Huelo. Kulipanda ni kazi ya watu wenye kamba na moyo mgumu. Juu yake, mahali ambapo mtu angetazamia nyasi na vinyesi vya ndege tu, pana msitu. Miti yake ni ya shina moja moja, imebanana bega kwa bega, na vichwa vimejaa majani mapana yaliyokunjamana kama pepeo. Hiyo ndiyo loulu, jamaa ya mnazi, na msitu wa loulu uliobanana hivyo karibu na usawa wa bahari ni nadra mno katika Hawaii ya leo.

Anayeutazama kutoka kwenye boti ataondoka na wazo moja: mti huu unapenda majabali. Akipanda milima ya Kauai au Oahu, wazo hilo litazidi kumkaa, kwa sababu huko nako ataikuta loulu kwenye kingo za magenge, kwenye migongo myembamba ya milima yenye ukungu, na kwenye mabonde ambayo njia zake huishia kwenye maporomoko. Miti mingine inahesabika kwa vidole, na yote iko pabaya.

Hoja yangu ni kwamba mtazamaji huyo amedanganyika. Loulu haikuchagua majabali. Ilibaki huko baada ya kufutwa karibu kila mahali pengine, na ushahidi wake hautafutwi juu milimani. Umezikwa kwenye matope ya nyanda za chini.

Kwanza, mti wenyewe. Jamii ya mnazi ina mitindo miwili mikuu ya majani. Mnazi, mkindu na mchikichi wana kuti refu lenye vijani vilivyopangwa pande mbili za uti. Mvumo na mkoche wa kwetu wana jani la upepeo, lililotandazwa kutoka kwenye ncha ya kikonyo na kugawanyika pembeni. Loulu ni wa kundi hili la pili. Wanasayansi wameuweka katika jenasi ya Pritchardia, yenye spishi zaidi ya 20 zinazopatikana Hawaii peke yake, na chache nyingine zilizotawanyika Fiji, Tonga, visiwa vya Cook na Polinesia ya Ufaransa. Hakuna mti mwingine wa jamii ya mnazi ulio mwenyeji halisi wa Hawaii. Mnazi wenyewe, ambao mabango ya watalii yameufanya alama ya visiwa hivyo, uliletwa kwa mitumbwi na Wapolinesia.

Jani la loulu huweza kupita mita moja kwa upana. Spishi nyingi zina manyoya au magamba madogo upande wa chini wa jani, na kikonyo chake ni laini, hakina miiba. Jambo hili la miiba lina utamu wake. Miongoni mwa jamaa za loulu kuna Washingtonia wa California na Mexico, na Copernicia wa Karibi na Amerika Kusini, ambao spishi yake moja hutoa nta ya kanauba inayong'arishia magari. Jamaa hao wote wawili wana vikonyo vyenye meno makali. Ni rahisi kusema kwamba loulu ilivua silaha ilipofika Hawaii, visiwa ambavyo kabla ya binadamu havikuwa na mnyama wa kunyonyesha ila popo na sili. Lakini Pritchardia wa Fiji naye hana miiba, kwa hiyo hadithi hiyo tamu inahitaji kushikwa kwa uangalifu.

Jina la jenasi limetokana na William Pritchard, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Fiji. Mwaka 1860 mtaalamu wa mimea Berthold Seemann alifika Fiji katika ujumbe uliotumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza kama visiwa hivyo vinafaa kutwaliwa. Aliona kwamba majani ya mti fulani wa upepeo yalikuwa ya machifu peke yao: ndiyo yaliyowapepea na ndiyo yaliyowakinga jua. Mwaka 1862 yeye na Mjerumani Hermann Wendland wakauingiza mti huo katika elimu ya mimea kwa jina la balozi. Wakati huohuo London ikakataa kuitwaa Fiji, na Pritchard akapoteza kazi yake. Cheo kilipita, jina likabaki kwenye miti ambayo mingi hakuwahi kuiona.

Hawaii imekaa juu ya mahali pa moto katika tumbo la dunia. Mwamba ulioyeyuka hupanda pale na kujenga kisiwa, kisha bamba la bahari hukisogeza kuelekea kaskazini-magharibi, na kingine huanza kujengwa nyuma yake. Kauai ina umri wa miaka kama milioni 5. Kisiwa Kikubwa cha Hawaii hakijafikisha hata miaka milioni moja na bado kinamwaga lava. Kutoka hapo hadi bara la Amerika ni safari ya bahari ya kilomita zaidi ya 3,500. Loulu ilivuka umbali wa namna hiyo zamani sana, na ilipofika ikaruka kisiwa hadi kisiwa, bonde hadi bonde, kila kundi likijitenga na lingine. Ndiyo maana Kauai, iliyo kongwe zaidi kati ya visiwa vikubwa, ina spishi nyingi kuliko kisiwa kingine chochote, na nyingine zimefungwa katika bonde moja tu.

Kuzitofautisha ni kazi inayochosha. Ukubwa wa tunda, urefu wa tawi la maua ukilinganishwa na vikonyo vya majani, wingi wa manyoya chini ya jani: hivyo ndivyo vigezo, na vyote hubadilika kidogo mti hadi mti. Mwitaliano Odoardo Beccari na Joseph Rock, mtu aliyejifunza elimu ya mimea bila kukaa darasani, waliandika kitabu cha kwanza kamili juu ya jenasi hii, kikachapishwa na Jumba la Makumbusho la Bishop huko Honolulu mwaka 1921, Beccari akiwa amekwisha kufa. Miaka 91 baadaye mtaalamu wa mimea Donald Hodel alitoa kingine. Katikati yao wataalamu walibishana, wakaunganisha spishi, wakazitenganisha tena. Hilo halinishangazi. Visiwa ni mahali ambapo mti uko njiani kuwa kitu kingine, na anayetaka mipaka iliyonyooka atateseka.

Sasa tushuke kwenye matope.

Chembe ya chavua ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, lakini ganda lake ni gumu ajabu. Ikitua kwenye dimbwi tulivu na kufunikwa na tope lisilo na hewa, hudumu maelfu ya miaka, na kila aina ya mmea ina umbo lake la chavua. Mtafiti akidumbukiza bomba refu katika sakafu ya dimbwi na kulivuta, hutoka na nguzo ya tope yenye matabaka: la juu ni la jana, la chini ni la kale. Huosha kila tabaka kwa tindikali, huhesabu chembe chini ya darubini, na hupima umri kwa kaboni. Kwa njia hiyo msitu uliokufa husomeka kama daftari la mahudhurio.

Magharibi ya Honolulu, kisiwani Oahu, kuna uwanda wa Ewa. Ni tambarare kavu iliyoinuka kutoka kwenye miamba ya matumbawe ya kale, imejaa mashimo ya chokaa, na leo imejengwa nyumba, barabara na viwanja vya gofu. Mojawapo ya mashimo hayo ni dimbwi liitwalo Ordy. Mwanaakiolojia J. Stephen Athens na wenzake walichimbua tope lake, wakakuta jambo ambalo hakuna aliyesimama kwenye uwanda huo angeliweza kulihisi: kabla ya binadamu, Ewa ilikuwa msitu, na chavua ya Pritchardia ilikuwa miongoni mwa zilizotawala. Loulu, mti wa majabali na ukungu, ilikuwa mti wa tambarare yenye joto, umbali mfupi kutoka baharini.

Pamoja nayo kulikuwa na chavua nyingine, nyingi kupindukia, ya mmea usiojulikana. Watafiti waliijua sura yake lakini hawakuwa na mmea wa kuilinganisha. Jibu lilikuja kwa bahati mwaka 1992, pale Steve Perlman na Ken Wood, wataalamu wa mimea wanaofanya kazi wakining'inia kwenye kamba, walipopanda jabali liitwalo Aleale pembeni ya kisiwa cha Kahoolawe. Walikuta vichaka viwili vya jamii ya kunde ambavyo havikuwa katika kitabu chochote. Mmea huo uliitwa Kanaloa kahoolawensis, na chavua yake ndiyo ile ya kwenye tope. Mmea uliowahi kufunika nyanda za chini za Oahu ulikuwa umebakiwa na vichaka viwili, na vyote viwili vilikuwa juu ya jiwe baharini. Mtu akisikia habari za Kanaloa ndipo anapoielewa Huelo.

Nini kiliua msitu wa Ewa? Jibu la haraka ni shoka na moto. Wapolinesia walifika Hawaii takriban kati ya mwaka 1000 na 1200, nao walikuwa wakulima hodari. Walileta magimbi, viazi vitamu, ndizi na miwa, pamoja na nguruwe, mbwa na kuku. Walifyeka na kuchoma, na hakuna anayelikana hilo. Lakini Ewa ni chokaa na ukame, mahali ambapo mkulima wa magimbi hana haja napo. Watu walikaa huko kwa wingi baadaye. Athens alipolinganisha matabaka, aliona msitu ulianza kupungua mara baada ya watu kugusa kisiwa, kabla makaa ya moto wao hayajawa mengi kwenye tope la uwanda ule. Kitu fulani kilikuwa kimetangulia mbele ya wakulima, na mifupa yake imo ndani ya mashimo ya chokaa.

Ni panya wa Kipolinesia, Rattus exulans. Ni mdogo, hafikii gramu 100, na alivuka bahari yote ya Pasifiki ndani ya mitumbwi ya watu. Hawaii alikuta meza iliyoandaliwa: mbegu kubwa zenye mafuta zisizowahi kuonja jino la mnyama, na hakuna nyoka, paka wala chui wa kumzuia. Panya huzaa haraka na watoto wake huzaa haraka. Aliwatangulia watu kwenye mabonde ambayo hawakuwa na nia ya kuyaingia.

Namna anavyoua msitu wa loulu ni ya taratibu, na hapo ndipo ukatili wake ulipo. Hagusi mti mkubwa. Anakula tunda na kokwa, msimu baada ya msimu. Loulu ni mti wa umri mrefu, kwa hiyo kwa miaka mingi mpita njia ataona msitu uliosimama vizuri, na labda hatagundua kwamba chini ya miti hiyo hakuna mche hata mmoja. Kisha wazee wanaanguka mmoja mmoja. Hakuna siku ambayo mtu angesema leo msitu umekufa.

Si kila mtaalamu anayekubali kwamba panya peke yake anatosha kubeba lawama yote, na nadhani wana haki ya kusita. Mabonde yenye maji yalilimwa kweli, na moto uliwashwa kweli. Ubishi wa namna hiyohiyo uko Rapa Nui, ambako mwanaakiolojia Terry Hunt aliwaweka panya mbele katika kisa cha kutoweka kwa misitu ya kisiwa, na makokwa ya kale yaliyochimbuliwa huko yana alama za meno. Kwa Ewa, hata hivyo, mpangilio wa matabaka ni mgumu kuupinga. Na kuna ushahidi mwingine usiohitaji maabara: panya hawakuifikia Huelo, na Huelo ina msitu.

Tena, watu wa Hawaii hawakuwa maadui wa loulu. Waliezekea kwa majani yake, wakajikinga mvua nayo. Walipanda shina kwa ajili ya tunda changa, ambalo punje yake ina ladha inayokaribia nazi changa, na mbao zake ngumu zikatengenezwa mikuki. Kulikuwa na madhabahu zilizoezekwa na kupambwa kwa loulu, zinazohusiana na uvuvi na kuomba njaa isije. Karne ya 19 ilipoleta mtindo wa kofia, wasukaji wakachukua majani machanga, wakayakausha, wakayachana na kusuka, kazi ambayo fundi wa ukili wa Pemba angeielewa bila mkalimani. Katika wilaya ya Kona, kwenye Kisiwa Kikubwa, spishi ya Pritchardia maideniana imekutwa zaidi karibu na makazi ya zamani, dalili kwamba ilipandwa na kutunzwa. Kama haikutunzwa na watu, huenda leo isingekuwepo.

Dhoruba ya pili ilikuja na meli za Ulaya. Februari 1778 nahodha James Cook aliacha mbuzi na nguruwe kwenye kisiwa kidogo cha Niihau. Mwaka 1793 nahodha George Vancouver alimpelekea mtawala Kamehameha wa Kwanza ng'ombe, na katazo takatifu likawekwa wasichinjwe kwa miaka 10 ili wazaane. Walizaana kweli, wakawa makundi ya mwituni yaliyokanyaga misitu mpaka juu milimani. Panya wakubwa zaidi walishuka kutoka melini kwa wakati wao. Spishi ya loulu iliyogunduliwa Niihau na kupewa jina la Aylmer Robinson, wa ukoo unaomiliki kisiwa hicho, ilielezwa kitaalamu mwaka 1947. Miti ya mwitu iliyopatikana kisiwani humo ilikuja kuwa miwili tu.

Linganisha na Nihoa. Ni kipande cha volkano chenye eneo la kama hekta 70 tu, kaskazini-magharibi ya Niihau, ambako hapakai mtu, na panya hakuwahi kujipatia makao. Zamani watu waliishi humo: matuta yao ya kilimo na misingi ya nyumba ipo hadi leo. Ukame ni mkali, kivuli ni haba, na bado Pritchardia remota inaota yenyewe katika mabonde mawili. Mwaka 1885 Liliuokalani, kabla hajawa malkia, alitembelea kisiwa na msafara mkubwa. Moto ukazuka na kuteketeza sehemu kubwa ya miti. Kwingineko Hawaii hiyo ingekuwa hukumu ya mwisho. Nihoa, wanasayansi wa safari ya meli ya Tanager walipohesabu mwaka 1923 walikuta loulu 515, na hesabu ya 1996 ikafika 680. Miti ilirudi yenyewe, bila kitalu wala mradi, kwa kuwa mbegu ilipoanguka ilibaki mbegu.

Nambari za kwingine zinasomeka kwa uchungu. Pritchardia schattaueri wa Kona, mti mrefu unaoweza kupita mita 30, ulijulikana kwa wataalamu mwaka 1957 na kupewa jina la kisayansi mwaka 1985. Miti ya mwitu iliyofahamika ni 12. Pritchardia munroi wa Molokai ulibakiwa na mti mmoja wa mwitu, ukazungushiwa uzio. Pritchardia viscosa wa Kauai, ambao maua yake yanatoa utomvu unaonata, ulikuwa na miti michache sana hata kabla ya kimbunga Iniki kuupiga mwaka 1992.

Na hapa anaingia adui ambaye hatumwazii: mpenzi wa mimea. Duniani kuna wakusanyaji wa miti ya jamii ya mnazi walio tayari kulipa ghali kwa mbegu ya spishi adimu, na kadiri spishi inavyokaribia kutoweka ndivyo bei inavyopanda. Miche na mbegu za viscosa zimewahi kuibwa porini. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia wanyamapori lilipochora maeneo ya kulindwa kwa mimea ya Kauai mwanzoni mwa miaka ya 2000, liliacha kuchora ya viscosa na loulu nyingine kadhaa, likieleza kwamba ramani iliyochapishwa ingekuwa mwongozo wa wezi. Sheria iliyotungwa ili kuonyesha mti ulipo, kwa loulu inafanya kazi kwa kuficha.

Ulinzi unaofaa si fumbo. Magharibi ya Oahu, kwenye bonde la Makua ambako jeshi la Marekani lilifanya mazoezi kwa miongo mingi na risasi zake zikawasha moto mara kwa mara, sheria ya viumbe walio hatarini iliwalazimisha wanajeshi kuwa watunza misitu. Kwenye mgongo wa mlima wa Ohikilolo, juu ya bonde hilo, kuna Pritchardia kaalae. Mbuzi waliondolewa, mitego na sumu ya panya vikawekwa kuzunguka miti. Miche ikaanza kuota kwa wingi chini ya miti ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imesimama tasa. Miti yenyewe haikuwa na ubovu wowote. Kila mwaka ilikuwa imezaa, ila wanawe waliliwa.

Kupanda bustanini ni rahisi zaidi, na kuna mtego. Loulu za spishi tofauti, zilizotenganishwa na bahari kwa muda mrefu kabisa, zikipandwa jirani huchanganyika bila aibu. Mbegu iliyookotwa chini ya mti adimu katika bustani yenye spishi kumi huenda ina baba wa kisiwa kingine. Kwa hiyo watunzaji makini, kama wale wa bustani ya taifa ya mimea ya kitropiki huko Kauai, wanahitaji kumbukumbu ya kila mbegu ilikotoka, na ikibidi uchavushaji wa mkono, maua yakiwa yamefunikwa mfuko. Zile loulu nzuri zilizopandwa kando ya hoteli haziwezi kuhesabiwa kama akiba. Nyingi ni Pritchardia za Fiji, wageni kama watalii wanaozipiga picha.

Jaribio linalonivutia kuliko yote liko kwenye pango la Makauwahi, pwani ya kusini ya Kauai. David Burney, aliyewahi pia kuchimbua Madagaska, alianza kazi hapo mwaka 1992. Sakafu ya pango hilo imehifadhi chavua, mbegu, konokono na mifupa ya ndege wa miaka maelfu, ikiwa ni pamoja na loulu. Burney na mkewe Lida hawakuishia kuandika orodha ya marehemu. Walikodi ardhi iliyozunguka pango, shamba la zamani lililochoka, wakapanda tena mimea ambayo tope lilisema iliwahi kuota hapo. Sasa loulu zinakua kwenye mchanga wa nyanda za chini, chini ya jua kali. Kwa anayeamini kwamba mti huu ni wa majabali, hayo ni makosa ya kilimo. Kwa aliyesoma tope, zimerudi kwao.

Ningetamani kusema kwamba swali lililobaki ni la ardhi na uzio tu. Lakini Desemba 2013 karibu na Pearl Harbor, Oahu, alinaswa mbawakawa mkubwa mweusi mwenye pembe: Oryctes rhinoceros, mwenyeji wa Asia. Wakulima wa minazi wa pwani yetu wanamjua ndugu yake wa Kiafrika, Oryctes monoceros, na hawahitaji kuelezwa anachofanya. Mdudu mzima hutoboa kilele cha mti usiku kula utomvu. Jani likifunguka huonekana limekatwa pembe kama kwa mkasi. Akifika kwenye shaha mti hufa, kwa sababu mnazi, loulu na jamaa zao wengi wana chipukizi moja tu la kukulia, na likioza hakuna la pili.

Kwa miaka mingi dawa ya mdudu huyo katika Pasifiki ilikuwa kirusi kilichogunduliwa Malaysia katika miaka ya 1960 na kuachiliwa Samoa mwaka 1967, ambako kilipunguza idadi yake sana. Mbawakawa wa Oahu ni wa ukoo mwingine, uleule uliovamia Guam mwaka 2007, na kirusi hicho hakimtishi. Mabuu yake hukua ndani ya mboji, matandazo na magogo yanayooza, kwa hiyo anasafiri kwa lori la bustani na kwa mfuko wa mbolea kama panya alivyosafiri kwa mtumbwi. Tofauti ni mabawa. Jabali lililomshinda panya na mbuzi si kitu kwake.

Mwaka 2022 wizara ya kilimo ya Hawaii iliweka amri ya muda ya kuzuia mboji, matandazo na mimea inayomhifadhi mdudu huyo kutoka Oahu kwenda visiwa vingine. Mwaka 2023 mbawakawa alikutwa Kauai.